Ujira wa Kusikiliza

Mtu aliyepata kukaa saa mbili tatu katika gereji moja ya zile zilizo chini ya miembe hapa Kawajense, katika Manispaa ya Mpanda, atakuwa amekwisha kusikia shtaka lile lile likiletwa na wenye magari wa kila tabaka, mwenye teksi, na mwenye Noah ya abiria, na mkulima aliyetoka kupakia magunia ya mpunga Mwamkulu, kwamba gari linagonga mbele; na aghalabu atakuwa amekwisha kusikia jawabu lake pia, litolewalo kabla jeki haijaletwa na kabla mtu yeyote hajainama kutazama: “Hizo shokapu, bosi, tubadilishe.” Shokapu zikanunuliwa, zikafungwa, mwenye gari akashukuru na kuondoka, na kabla hajafika Makanyagio mlio ukamrudia vile vile. Siku ya pili zikalaumiwa bushi, siku ya tatu bolijointi, hata mwisho wake mlio ukanyamaza na furaha ikawa kubwa, ilhali hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza ni kipi katika vifaa vile vyote kilichokuwa kibovu, wala ni vipi vilivyotolewa vizima na kutupwa.

Mitaani jambo hili huzungumzwa kwa namna moja tu, yaani kwa kuwalaumu mafundi kuwa hawakusoma au si waaminifu. Mimi naona lawama hiyo imepungukiwa na insafu. Mafundi wajinga wako, na wadanganyifu wako, kama walivyo katika kila kazi ya wanadamu. Lakini ila iliyo kubwa kuliko hizo imo katika ada tuliyojizoeza sisi wenye magari, ya kumlipa fundi kwa kufungua na kufunga, na kumnyima ujira kwa kutafuta. Maadamu anayefunga shokapu mbili hupokea fedha, na anayetumia saa nzima kuthibitisha kwamba shokapu zile ni nzima hupokea asante, itakuwaje tushangae shokapu zinapopata lawama ya kila mlio?

Hasara ya ada hii ni kubwa zaidi kwetu kuliko kwa watu wa pwani, kwa sababu mbili. Kwanza ni njia zetu. Lami imetufikia kutoka Tabora kwa njia ya Sikonge na Koga, na tunashukuru kwa dhati. Walakini gari la Katavi haliishi juu ya lami peke yake, maana mpunga na tumbaku na dhahabu havipatikani kando ya lami, na kipande kile cha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukishavuka mto wa viboko pale Sitalike, madereva wamekijua kwa miaka mingi kwa changarawe yake. Kiangazi kinapokaza, changarawe kavu hujipanga kwa migongo midogo iliyofuatana, kwa kuwa tairi liendalo kasi likigusa kibonge huruka, na likitua huchimba kidogo na kusukuma mchanga mbele yake, na kila gari lifuatalo hurukia pale pale lilipoachwa na mwenzake. Migongo hiyo ikiachana kwa sentimita 70, gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupigwa mara zaidi ya 20 katika kila sekunde moja, na mapigo yote hayo hupokewa na mpira, chuma na mafuta yaliyo baina ya gurudumu na bodi. Mafuta ya shokapu hupata moto, yakawa mepesi, yakachanganyika na hewa na kutoa povu, hata shokapu iliyotoka nzima asubuhi ikawa hafifu adhuhuri, kisha ikarudia nguvu zake ikipoa. Hapo ndipo anapodanganyika fundi mwenye haraka.

Sababu ya pili ni umbali. Vifaa vya magari yetu hutoka Gerezani, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na kifaa kikiagizwa kwa dhana tu, hasara yake haiishii kwenye bei na nauli ya kifurushi katika basi, bali huingia pia zile siku ambazo gari limelala juu ya magogo, abiria wamehamia kwa mwingine, na mpunga wa mtu unangoja shambani.

Zamani kazi hii ya kutafuta kilicho kibovu ilikuwa nyepesi. Mpanda ulikua kwa machimbo ya risasi na kwa tawi la reli lililojengwa kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika miaka ile ile, mwezi wa Aprili 1948, Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam. Gari hilo, mbele yake kama nyuma yake, lilikaa juu ya ekseli nzima moja na springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa, na viungo vyake vilikuwa vichache, vinene, vyenye kuonekana kwa macho, hata dereva mwenyewe aliweza kuyatambua mapengo yake kwa kupiga nyundo mbili tatu. Magari tuliyo nayo leo ni ya hesabu nyingine. IST, Probox na Noah hutumia mpango wa mhandisi wa Kimarekani Earle MacPherson, uliojulikana sana tangu ulipotiwa katika Ford za Consul na Zephyr huko Uingereza mwaka 1950, ambamo shokapu yenyewe imefanywa nguzo ya gari: hubeba springi, hushika gurudumu lisimame, na hugeuka pamoja na usukani. Hiace imeshika njia nyingine, ya mikono miwili, wa juu na wa chini, na badala ya springi ya mzunguko ina fimbo ya chuma inayojisokota. Katika kila upande kuna bushi kadhaa za mpira, bolijointi, kichwa cha tairodi, linki ya stabilaiza, na mauntingi ya juu ya shokapu, vyote vimesongamana katika nafasi ndogo, na chochote katika hivyo kikilegea hulia mlio unaokaribiana na wa jirani yake. Fauka ya hayo, sauti husafiri katika bodi la gari kama habari katika kijiji, humfikia kila mtu na mwenye kuianzisha hajulikani. Mlio wa kushoto husikika kulia, na wa chini husikika kama umo ndani ya dashibodi.

Kwa hiyo swali la kwanza si kitu gani kimeharibika, ila ni wakati gani gari hulia. Nilipata kulishuhudia swali hilo likiulizwa sawasawa hapa hapa Kawajense, na ningependa kulieleza tukio lenyewe kwa urefu, kwa kuwa ndani yake imo hoja yangu yote. Kijana mmoja, dereva wa Noah ya abiria, aliingia gereji ya mzee ambaye ndevu zake zimekwisha kuchanganyika.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, baba. Gari lina nini?”

“Linagonga mbele kulia. Shokapu nimeshabadilisha zote mbili wiki iliyopita, kwa fundi mwingine.”

“Linagonga lini?”

Kijana akanyamaza, kwa kuwa siku zote za kuhangaika kwake hakuna aliyepata kumwuliza hivyo. Akasema linagonga likipita pabaya. Mzee hakuridhika, akajifuta mikono, akaketi kiti cha kushoto, akamwamuru aendeshe. Wakalipita tuta la barabarani moja kwa moja, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda pamoja, na gari halikusema neno. Wakarudi kwa njia ya kando, gurudumu moja likizama katika shimo na jingine likibaki juu, na papo hapo gari likagonga, tena kwa mlio mkavu. Mzee akamwambia aguse breki kidogo tu na kupita tena mahali pale. Mlio ukabaki, na kwa hilo akaziondoa pedi za breki katika orodha, kwa sababu pedi zinazocheza ndani ya kalipa hunyamaza zinapobanwa. Akamwambia asimame, azungushe usukani mpaka mwisho wa kulia na mpaka mwisho wa kushoto. Springi haikuruka wala haikutoa mlio wa kukwama, basi mauntingi ikapata kuachwa. Akamwambia akate kona kali polepole huku akikanyaga mafuta. Hapakuwa na mfululizo wa vidoko ambao sivijointi iliyokwisha huutoa. Mwisho akamwambia aende mbele na kufunga breki kwa nguvu, kisha arudi kinyumenyume na kufunga tena, kwani bushi za mkono wa chini zilizopasuka hupiga kishindo kimoja kizito katika kubadilika huko. Na hapo pia pakawa kimya.

Waliporudi gereji mzee hakuomba jeki. Alitandika gunia, akalala ubavu, akaifumbata linki ya stabilaiza kwa vidole vyake, ile ya kulia kwanza na ya kushoto baadaye, huku wanafunzi wake wawili wakilitikisa gari kwa ubavu. Na akiwa pale chini akamwita kijana naye alale, akauchukua mkono wake na kuuweka mahali ulipokuwa mkono wake mwenyewe. “Unasikia?” Kijana akasema anasikia kitu kinadunda kidoleni. Kilikuwa upande wa kushoto, ilhali masikio ya watu wote, na yangu mimi pamoja nao, yaliapa kwamba mlio uko kulia.

Hikima yake ni hii. Stabilaiza ni fimbo ya chuma iunganishayo gurudumu la kulia na la kushoto ili gari lisilale mno katika kona. Magurudumu mawili yakipanda pamoja, fimbo nzima huyumba nayo bila kufanya kazi, na linki zake hazipati kuvutwa. Likipanda moja peke yake, fimbo hujisokota, na linki iliyolegea hugonga. Ndiyo maana tuta lilinyamaza na shimo likasema. Na ndiyo maana hakutaka jeki, kwa kuwa ukiinua upande mmoja wa gari na kuuacha mwingine chini, fimbo hubaki imejisokota na kuibana linki barabara, hata ile mbovu kabisa ikashikika mkononi kama mpya. Na hivi ndivyo linki mbovu zinavyohukumiwa kuwa nzima kila siku katika gereji zetu, gurudumu likiwa limening'inia na fundi akiitikisa kwa mkono na kusema haina neno. Mzee yule hakukomea hapo. Alizifungua linki zote mbili, akaifunga fimbo kwa waya isije ikapiga kitu, akamtuma kijana apite mahali pale pale polepole, na kumwonya asikate kona kwa kasi, maana gari lingelala kuliko alivyozoea. Kijana alirudi akiwa amefungua dirisha, akasema gari ni kimya.

Linki mpya zilipatikana mjini siku ile ile, na kuzifunga hakukuchukua muda. Walipofika kwenye malipo, kijana alihesabu kwa uaminifu kabisa ujira wa kukaza nati nne, akautoa, akashukuru, akaondoka. Ujira huo ulikuwa mdogo sana kuliko ule alioulipa wiki ya nyuma kwa kufungiwa shokapu mbili ambazo gari halikuzihitaji. Hakumdhulumu mtu, kwa kadiri ya ada yetu ilivyo. Lakini tazama ada hiyo imewafundisha nini wale wanafunzi wawili waliokuwa wakilitikisa gari: kwamba maarifa ya bwana wao, yaliyomwokoa dereva na gharama nyingine mbili tatu zilizokuwa zikimngoja, thamani yake sokoni ni ndogo kuliko nguvu za kukaza nati.

Na si mlio wote ulio wa fedha tu. Linki iliyolegea itakuudhi mwaka mzima bila kukudhuru, ila bolijointi na tairodi zikiachana gari likiwa katika mwendo, gurudumu hulala au hugeuka lipendavyo, na usukani haumtii mtu tena. Hapo ndipo kukisia kunapokuwa hatari iliyo bayana. Kuzipima si siri. Gurudumu likiwa limeinuliwa na gari limekalia stendi, tairi hushikwa juu na chini likavutwa na kusukumwa. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukikoma ni beringi, ukibaki ni bolijointi. Likicheza kulia na kushoto tu, macho yaende kwenye tairodi na raki ya usukani. Lakini hata katika hili kuna mtego, na ni mtego ule ule wa jeki. Katika gari ambalo springi yake hukalia mkono wa chini, ukiweka jeki chini ya chasisi unaiacha springi iendelee kuibana bolijointi na kulificha pengo lake. Jeki yapasa iwe chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, ndipo mtaimbo uingizwe chini ya tairi na kulinyanyua. Katika mpango wa MacPherson ni kinyume chake, gurudumu liachwe lining'inie huru. Fundi asiyejua tofauti hiyo atalipitisha gari bovu na kulirudisha barabarani likiwa na abiria, na wala hatajua kwamba amefanya hivyo.

Iko kasoro moja ya kufunga ambayo siwezi kuiacha, kwa jinsi ilivyoenea. Bushi ya mkono wa chini ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje. Hauzunguki kama beringi, bali hujisokota kidogo mkono unapopanda na unaposhuka. Fundi akiikaza bolti yake gari likiwa bado juu, magurudumu yakining'inia, anaufunga mpira katika hali ile ya kuning'inia, na gari likishushwa mpira huanza kazi ukiwa umekwisha kusokotwa, hata mvua moja haipiti haujapasuka. Mwenye gari husema bushi zilikuwa feki. Pengine zilikuwa feki kweli, maana soko letu halikosi mpira mgumu uliopakwa rangi nzuri. Lakini bushi halisi nayo hufa vivyo hivyo mikononi mwa fundi asiyesubiri. Utaratibu ni kuingiza bolti, kuziacha nati bila kukazwa mwisho, kulishusha gari likae juu ya magurudumu yake, kulitikisa kidogo, ndipo kukaza. Kazi hii huongeza dakika chache na humlazimu fundi kuingia uvunguni tena; na kwa kuwa hakuna amlipaye kwa kuingia mara ya pili, wengi hawaingii.

Kuhusu hatari ya uvungu wenyewe nitasema kwa ufupi, ingawa ingestahiki makala yake: kijana asiingizwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na nati ya juu ya nguzo ya shokapu isifunguliwe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, kwani springi ile imebeba uzito wa pembe nzima ya gari na ikiachiwa huweza kumwua mtu.

Nimekwisha kuwasikia wenzangu wakijibu hoja hii kwamba tukianza kulipa kwa kupima, matapeli watapata njia mpya ya kutuibia, watalizunguka gari mara moja, watatikisa kichwa, na kudai chao. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake iko katika tendo lile la mzee wa Noah: ujira wa kupima uwe ni malipo ya kuonyeshwa. Fundi na amlaze mwenye gari juu ya gunia, auweke mkono wake penye pengo, amwonyeshe mpira uliopasuka au mafuta yaliyovuja, na ikiwezekana amsikilizishe gari likiwa na kifaa kile na likiwa halina. Asiyeweza kuonyesha hajapata, na hastahili kitu. Ningependa pia vyuo vya VETA vimpe mwanafunzi, siku ya mtihani, gari lenye mlio uliotegwa na mwalimu, na kumtaka atoe ushahidi wake kabla hajaruhusiwa kushika spana, kwa kuwa kufunga kila mtu hujifunza kwa kutazama, ama kutafuta hufundishwa.

Wengine hukubali nusu ya hoja, wakasema: sawa, tulipe kwa kupima, ila matengenezo yakifuata gharama ile ikatwe humo. Hili silikubali, hata kama linaonekana la hisani. Fedha ya kupima ikikatwa katika fedha ya kufunga, fundi anayegundua ila ndogo atakuwa amefanya kazi kubwa kwa malipo madogo kama zamani, na fundi anayekuta kifaa cha kubadilisha, awe amekikuta kweli au amekitunga, ndiye atakayetoka na fedha nyingi. Tutakuwa tumeubadilisha usemi na kuiacha tamaa mahali pake. Ujira wa kupima na ulipwe wote, siku ile ile, kwa kiasi kilichotajwa kabla gari halijaguswa, hata kama jawabu la saa nzima ya kulala juu ya gunia ni kwamba nati moja ya mauntingi ilikuwa imelegea na imekwisha kukazwa.